Shakwe au buabua? Mwulize Babu

Watu wengi wa Pwani wana jina moja tu kwa ndege yeyote anayeruka juu ya bahari: shakwe. Baba yangu hakubali. Alivua samaki hapa Malindi kwa zaidi ya miaka 40, na kwake yeye kuna shakwe na kuna buabua. Anayewachanganya, husema, atapiga makasia bure.

Miaka mitatu iliyopita daktari alimwambia ana presha ya macho. Ugonjwa huu hula uwezo wa kuona polepole, mara nyingi ukianzia pembeni, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone anayotiwa kila siku ni ya kulinda kilichobaki. Leo anamwona mtu aliyeketi mbele yake, lakini ndege wa angani amekuwa doa tu, na siku nyingine si hata doa.

Ndugu zangu walitaka akae nyumbani. Hoja yao ilikuwa na uzito. Njia ya ufuoni ina mashimo, bodaboda ni nyingi, na mtu asiyeona pembeni hushtukizwa na kila kitu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwona anavyoshinda barazani, redio sikioni, akitujibu kwa neno moja moja. Baada ya mabishano marefu tuliafikiana: kila Jumamosi mimi na mwanangu wa miaka 11 tumshike mkono, tumpeleke kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji, pale maji ya tope yanapoingia baharini na ndege kujaa kwenye mafungu ya mchanga.

“Waona nini?” baba aliuliza siku ya kwanza.

“Ndege, Babu.”

“Ndege gani?”

“Weupe.”

“Rangi haijanambia kitu. Wafanya nini?”

Swali hilo ndilo lililotufundisha. Kwanza, rangi hudanganya kweli. Shakwe tunaowaona kwa wingi huku kwetu si weupe. Migongo na mabawa yao ni ya kahawia, kichwa kimekolea kama kimevikwa kofia, na shingoni kuna alama nyeupe. Tumbo ndilo jeupe. Ndege hawa huzaliana pia katika visiwa vya Bahari ya Shamu na pwani za Oman, nchi zile zile ambazo majahazi yalitoka na pepo za kaskazi. Mtu anayetafuta ndege mweupe atawapita shakwe hao bila kuwatambua, kisha amwite buabua shakwe.

Basi mwanangu akajifunza kutazama umbo na mwendo. Shakwe ni mzito, mabawa yake ni mapana, na mkia wake ukikunjuliwa huwa kama kipepeo cha kupepea moto. Mdomo ni mnene na ncha yake imepinda kidogo. Miguu ina nguvu, kwa hiyo hutembea mchangani bila shida. Akichoka hutua juu ya maji na kuelea kama bata. Hachagui chakula: matumbo ya samaki, kaa, mabaki, hata kinda la ndege mwingine.

Buabua ni mwembamba. Mabawa yake ni marefu na yamechongoka, na mkia umegawanyika panda kama wa mbayuwayu. Mdomo umenyooka kama sindano ya kushonea nyavu. Miguu ni mifupi, na ni nadra kumwona ameketi juu ya maji. Akitaka kupumzika baharini hutafuta gogo au boya. Anapowinda huruka mdomo ukielekea chini, husita hewani akipiga mabawa, kisha hujitosa kichwa mbele. Wawili tunaokutana nao sana wana vishungi vyeusi nyuma ya kichwa: mmoja ana mdomo wa rangi ya chungwa, mwenzake ni mkubwa kidogo na mdomo wake ni wa manjano.

Kwa mvuvi hii haikuwa hesabu ya kujifurahisha. Jodari wanapowafukuza dagaa kuelekea juu, buabua hukusanyika hapo na kujitosa mmoja baada ya mwingine. Nahodha akiliona kundi hilo kwa mbali anajua chini kuna samaki wakubwa. Kundi la shakwe walioketi majini linaweza kuwa limefuata takataka zilizomwagwa na mashua nyingine. Baba anasema kuna siku karo yetu ya shule ilitoka kwa buabua.

Siku moja mwanangu alikwama. Aliona ndege mwenye mdomo mweusi, mfupi na mnene, akipita juu ya tope na kuokota vitu bila kujitosa hata mara moja. “Huyu ni shakwe, Babu. Mdomo ni mnene.”

Baba hakujibu upesi. “Mabawa?”

“Membamba. Yamechongoka.”

“Mkia?”

“Una panda, lakini fupi.”

“Akitua, atembea?”

“Kidogo tu.”

“Basi ni buabua. Usimhukumu mtu kwa kiungo kimoja.”

Jioni tulitazama kitabu cha ndege tulichoazimwa na jirani. Alikuwa buabua kweli, wa aina ambayo mdomo wake hufanana na wa shakwe na ambayo hupenda kuokota kaa na wadudu kuliko kupiga mbizi. Baba alikuwa amemtambua bila kumwona.

Habari hiyo ilifika kwa ndugu zangu kabla yangu, maana mwanangu aliwapigia simu wote. Kaka mkubwa, aliyekuwa mkali kuliko sote, sasa ana Jumamosi yake mwezini. Tumekubaliana jambo jingine pia. Presha ya macho huweza kufuata damu ya ukoo, na mara nyingi haiumi wala haitoi dalili mapema. Tuko watano; wanne tumekwisha kupimwa, na mdogo wetu anasubiri siku yake. Ikiwa kwenu yuko mzee mwenye ugonjwa huu, msingoje hadi muone ukungu.

Kipimo cha mwisho cha baba hakikuwa kizuri. Jicho la kushoto limezidi kufinyika, na mwenyewe hazungumzii sana. Lakini mwanangu ameanza somo jipya bila kuambiwa. Anafumba macho na kusikiliza: buabua hulia kwa sauti kali ya mkwaruzo, shakwe yake ni nzito zaidi. Anataka kuwajua kwa masikio, anasema, ili yeye na Babu wawe sawa.