Wali Ulioungua

Kibuta ni kata ya wilaya ya Kisarawe, katika mkoa wa Pwani. Huko, kama katika vijiji vingi vya Pwani, mtoto aliyekwisha kupata akili huachiwa chungu mekoni, mama yake akiwa bado shambani. Kazi hiyo ni amana. Kibaba cha mchele kilichomo chunguni pengine ndicho chakula chote cha nyumba jioni ile. Kikiungua, hakuna kingine.

Je, wali huungua kwa nini? Wengi hujibu, ni kwa sababu ya moto mkali. Jibu hilo si la uwongo, lakini halikutimia. Mlinzi wa chungu ni maji. Maji yakichemka, joto lake halizidi nyuzi 100 za Sentigredi hata ukiongeza kuni. Moto uliozidi huyageuza kuwa mvuke tu. Lakini maji yakikauka, mlinzi amekwenda zake. Hapo kitako cha chungu hupata joto kupita kiasi, na punje zilizoshikamana nacho hugeuka rangi. Kwanza huwa za kahawia, zenye harufu nzuri. Huo ndio ukoko wanaougombania watoto. Mwaka 1912 Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, alieleza jinsi sukari na asidi amino, yaani vipande vya protini, zinavyoungana kwa joto na kuleta rangi ile. Moto ukizidi, ukoko huwa mweusi na mchungu, maana sasa si chakula tena, ni makaa. Wali wa nazi huungua upesi zaidi, kwa kuwa tui lina sukari na protini yake.

Kwa hiyo mpishi hodari hukisikiliza chungu. Sauti ya kutokota ikififia, huondoa kuni, huacha makaa machache chini, na mengine huyaweka juu ya mfuniko, ili wali uive polepole.

Hata hivyo, harufu ya kuungua ikitoka, usikoroge. Mtoto mwenye hofu hukoroga upesi ili weusi usionekane, kumbe ndivyo anavyoueneza uchungu katika chungu kizima, hata punje zilizokuwa njema zikaharibika. Epua chungu mara moja. Pakua wali wa juu taratibu, uutie katika chombo kingine, wala usikwangue chini. Kisha tia maji chunguni, ukoko ulowe, upate kuoshwa bila taabu.

Mama arudipo, aambiwe kweli. Wali uliopungua waweza kugawanywa, kila mtu akapata tonge zake. Bali wali uliokorogwa ili kuficha kosa hauliki, na nyumba nzima hulala na njaa kwa ajili ya hofu ya mmoja. Ndiyo maana wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humwumbua.