Kata ya Kaka

Kaka yangu alianguka motoni jioni moja ya mwaka 1958, mama akiwa nje anatwanga. Tulikuwa watano jikoni, na hakuna aliyenyoosha mkono. Povu lilikuwa linamtoka, na kwetu Mahenge, sisi Wapogoro, hata mtoto mdogo alijua kuwa mate ya mwenye kifafa yakikugusa, nawe umekipata. Mama ndiye aliyekuja mbio akamvuta miguu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilipona vimegandana.

Akatengewa bakuli, mkeka, na kata yake ya kunywea maji. Shule ndiyo ikawa basi. Wala hatukuwa peke yetu: nyumba kumi na mbili za kitongoji chetu, tatu zilikuwa na mtu wa namna hiyo.

Miaka ya 60 inaanza, daktari wa kike kutoka Norwe, Louise Aall (baadaye Jilek-Aall), alikuwa amefungua kliniki ya kifafa Kwiro, misheni. Dawa ilikuwa fenobabitali. Mama aliitunza ndani ya kiberiti kitupu. Kaka akawa anasinzia mchana, lakini haanguki, nani angelalamika?

Siku moja pale kliniki alianguka kijana mwingine. Mhudumu akamgeuza ubavu, akamfuta povu kwa kitambaa, akaenda kunawa kama aliyempangusa mtoto makamasi. Nilimvizia mhudumu yule miezi kadhaa, kila tulipofuata dawa. Hakuanguka.

Kisha masika yakakata barabara, kiberiti kikabaki kitupu. Fenobabitali haiachwi ghafla. Pengine tuliambiwa tukasahau. Siku ya nne kaka alianguka mara saba kabla ya magharibi, na majirani wakapata la kusema: si tuliwaambia, dawa ya kizungu haikati kifafa?

Nimeshazeeka ndipo nikasikia habari ya usubi, yule inzi mdogo wa mito iendayo kasi, mwenye kueneza minyoo inayohusishwa na kifafa. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta, katika vijiji vyetu vya ndani, watu wapatao 35 kwa kila 1,000 wana kifafa, nasi tumekuwa tukigawiwa dawa ya minyoo hiyo tangu miaka ya 90. Inavyofika hadi kuleta kifafa, wataalamu bado wanachunguza.

Kaka alitengewa kata asije akatia mate mtungini. Maji ya mtungi ule tuliyateka sisi wengine, asubuhi na jioni, tumesimama mtoni miguu mitupu, tunajikuna.