Tumaini la Amani Lililozikwa na Lisilozikika Butiama

Jioni ninapoisikiliza redio pamoja na jamaa zangu, nikasikia habari za Kongo ya Mashariki na za Sudani, mmoja wa wajukuu huniuliza kama sala huzuia risasi. Swali hilo si la utovu wa adabu, na jibu la haraka halilifai.

Mimi ni mzaliwa wa Butiama, na kila nikiulizwa hivyo fikra zangu huelekea kwa jirani yetu aliyelala Mwitongo. Mwalimu Julius Nyerere alibatizwa Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21, naye alikuwa mtu wa misa hadi uzeeni. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, watu wa nchi moja walichinjana, na wakimbizi wakafurika Kigoma na Kagera. Mwaka 1996 Mwalimu, mzee wa miaka 74 aliyekwisha kung'atuka, alianza kuwakutanisha mahasimu, kwanza Mwanza, kisha Arusha. Mwaka huo huo zilichapishwa Injili nne alizozitunga kwa utenzi. Nadhani (na hili ni wazo langu tu) mtu aliyezipima mizani za habari ya Msamaria Mwema, ubeti kwa ubeti, hachoki upesi na watu wanaokataa kuketi pamoja.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kazi haijakamilika. Nelson Mandela aliipokea, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Hata hapo bunduki hazikunyamaza; kundi kubwa la waasi lilikubali mwaka 2003. Nayataja haya makusudi, maana wako wahubiri wanaoliuza tumaini kama dawa ya usiku mmoja.

Wako pia wanaokumbusha kwamba Mkristo huyo ndiye aliyeamuru vita vya mwaka 1978. Ni kweli. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia Kagera, yakaua raia na kupora mifugo, na kwa maoni yangu nchi ilikuwa na haki ya kujilinda. Lakini vita vya haki navyo huacha matanga pande zote mbili.

Hilo nilifundishwa na mama yangu. Kaka yangu mkubwa alikwenda vitani na wanamgambo, na mama akawa anasali rozari kila usiku. Akiisha kumwombea mwanawe, aliongeza Salamu Maria moja kwa ajili ya mama wa askari wa upande wa pili. Sisi watoto tulichukia: iweje adui aombewe nyumbani kwetu? Mama hakubishana nasi. Alisema tu kwamba mwanamke yule naye hajalala.

Kaka alirejea mwaka 1979, amekonda, mzima. Mama hakuiacha Salamu Maria ile. Alisema wa kwake amerudi, lakini hajui kama wa mwenzake amerudi.