Namba Yenye Wazazi Wawili

Chamani kwetu tumezoea kujadili riwaya, mashairi na methali. Muhula huu tulijadili namba moja tu: 147,573,952,589,676,412,927. Utaipata ukizizidisha mbili sitini na saba pamoja, kisha ukatoa 1.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliiweka katika orodha yake ya namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa, lakini njia yake haikuonyesha kigawo hata kimoja. Ikawa inajulikana kuwa ina wazazi, ila majina yao hayajulikani. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole aliwataja: 193,707,721 na 761,838,257,287. Hakubahatisha. Kila kigawo cha namba hii, kikigawanywa kwa 134, yaani mara mbili ya 67, lazima kibakize 1. Kwa hiyo namba nyingi mno huondolewa kabla hata ya kujaribiwa.

Tulitaka kuhakikisha wenyewe, kwa chaki na kwa Kiswahili. Waliosoma shule za msingi Tanzania walitamka "saba mara nane, hamsini na sita" bila kusita. Waliosoma Kenya, na waliozaliwa huku ughaibuni, walihesabu kimoyomoyo kwa Kiingereza kisha wakatafsiri. Tulipofika mstari wa nane, sote tulikuwa tunahesabu kwa lugha moja, na jumla ikatoka sawasawa.

Hapo ukazuka mjadala wa neno "tasa". Baadhi yetu hatulipendi, kwa kuwa majumbani hutumiwa kumuumiza mwanamke asiyejaliwa mtoto. Wengine wakajibu kwa hesabu: kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, tena kwa namna moja tu. Kumbe hizo zinazoitwa tasa ndizo zinazozaa nyingine zote! Hatukuafikiana kama neno libadilishwe au libaki.

Lakini tulibishana saa nzima juu ya hisabati, kwa Kiswahili, na hakuna aliyeishiwa maneno. Tanzania sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili cha hesabu cha wengi wetu kiliishia darasa la saba. Shufwa, witiri, kigawo, kigawe, zao: maneno yalikuwepo siku zote. Yalikosa wasemaji.

Muhula ujao tutashughulika na namba yenye tarakimu 39, ambayo Lucas huyohuyo aliithibitisha kuwa tasa. Walimu wetu wapendwa, nanyi mnakaribishwa. Chaki ipo.