Aprili Iliyogeuka Septemba

Ndugu zangu, wengi wetu tukifika hapa Marekani tunaponzwa na tarehe. Kwetu 09/04 ni tarehe 9 Aprili. Wenyeji wanasoma Septemba 4. Mimi nilidhani hilo nalijua, mpaka nilipomponza mwenzangu.

Nilijitolea kuandikia chama chetu programu ndogo ya Python yenye faili la tarehe ambazo paspoti za wanachama zinaisha. Kila Jumapili inalisoma faili, inamtumia barua pepe aliyebakiza wiki nane, kisha inaliandika upya. Kusoma nilitumia strptime na muundo wa kwetu, %d/%m/%Y. Kuandika nilitumia strftime, na bila kufikiri nikaweka wa hapa, %m/%d/%Y. Basi tarehe ikawa wiki hii Aprili, wiki ijayo Septemba, kama bembea.

Mbona sikugundua? Programu iligoma kwenye tarehe 25 Desemba, maana safari ya pili ilikuta mwezi wa 25. Badala ya kuuliza kwa nini, nikaongeza mstari: ukishindwa, jaribu kinyume. Ikanyamaza, nami nikafurahi. Kumbe siku 132 za mwaka, zile za tarehe 1 mpaka 12 ambazo siku na mwezi havilingani, zinageuka kimya kimya.

Dada yetu mmoja wa Mombasa, paspoti yake iliisha Aprili 9. Jumapili ya kumkumbusha ilimkuta yuko Septemba. Alikuja kugundua mwenyewe zikiwa zimebaki wiki mbili, na tiketi ya Aprili 20 mkononi, ya kwenda harusi ya kaka yake. Paspoti mpya ilimfikia Mei. Harusi akaiona kwenye picha.

“Si kitu, ndugu yangu,” alinambia. “Ila mama hakunielewa.”

Usiku ule nilirekebisha. Muundo sasa umeandikwa mara moja tu, juu kabisa, ukapewa jina. Msomaji na mwandishi wote wanatumia jina hilo. Ni %Y-%m-%d, mwaka kwanza, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyoagiza tangu 1988. Ule mstari wa kubahatisha nimeufuta. Na kabla ya kuhifadhi, programu inaandika tarehe, inaisoma tena, na ikirudi tofauti inasimama.

Dada bado yumo kwenye orodha. Tarehe yake mpya alinipa kwa maneno, mwezi akautaja kwa jina. Namba zenye mikwaju haziamini tena, na simlaumu.