Ningu wa Mto Wetu

Mimi ni mvuvi na mkulima. Ninaishi kando ya Mto Mara, karibu na mahali unapoingia Ziwa Victoria. Nataka kuwaeleza habari za ningu.

Ningu ni samaki wa kwetu. Duniani kote anapatikana katika Ziwa Victoria na mito ya eneo hili tu. Mvua za masika zikinyesha na mto ukijaa, ningu hutoka ziwani na kupanda mto kwenda kuzaa. Hutaga mayai penye majani yaliyofunikwa na maji ya mafuriko.

Miaka ya 1960 nilikuwa mtoto. Wakati wa masika, mama alikausha ningu kwa moshi. Tulikula kwa siku nyingi.

Nilipokuwa kijana, nilinunua nyavu. Mimi na wenzangu tulizitega mdomoni mwa mto, tukaziba njia. Tulinasa ningu wenye mayai tumboni. Baba aliniambia, "Mwanangu, ukila mbegu, utapanda nini?" Sikumsikiliza. Nilitaka fedha.

Kisha nikafanya kosa la pili. Nilifyeka majani na kulima mahindi mpaka ukingoni mwa mto. Majirani nao walifanya hivyo. Mvua iliponyesha, udongo ulichukuliwa mtoni. Maji yakawa tope. Majani ya kutagia mayai hayakuwapo tena.

Leo ningu ni adimu. Wataalamu wanamhesabu kati ya samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Siku moja mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, ningu ni samaki gani?" Sikuwa na ningu wa kumwonyesha. Niliona aibu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu na za kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Nilipima meta hizo, nikaacha kulima hapo. Shamba langu lilipungua karibu nusu. Mke wangu aliuliza, "Baba, tutakula nini?" Lilikuwa swali la haki. Sasa tunalima sehemu ya juu, na tunatia samadi ili tuvune zaidi.

Majani yameanza kuota ukingoni. Ningu bado sijamwona. Lakini wakati wa masika sitegi tena wavu mdomoni mwa mto. Ningu akija, atakuta njia iko wazi.

Ndugu msomaji, je, shamba lako limefika wapi?