Mwaka wa Neema Si Kipimo

Mwaka 1970 wavuvi wa Bwawa la Nyumba ya Mungu walivua zaidi ya tani 28,000 za samaki. Bwawa lenyewe lilikuwa bado changa. Ukuta wake ulikamilika katikati ya miaka ya 1960, kusini mwa Moshi, chini kidogo ya mahali mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana na kuwa Mto Pangani. Lilijengwa kwa ajili ya umeme na umwagiliaji; samaki walikuwa nyongeza tu. Lakini nyongeza hiyo ilikuja kwa wingi ambao tambarare ile kame haikuwahi kuuona. Watu wakamiminika kutoka pande nyingi, vijiji vya wavuvi vikaota kandokando ya maji, moshi wa kubanika samaki ukatanda usiku na mchana. Haikupita miaka mingi, mavuno yakaporomoka hadi kubaki sehemu ndogo tu ya yale ya mwaka 1970. Neema ya namna ile haijarudi tena.

Nimekulia upande wa Mwanga, na tangu utotoni nimekuwa nikifika Lang'ata, ambako perege na kambale hushushwa asubuhi kutoka kwenye mitumbwi. Wazee wa pale wakianza kusimulia habari za miaka ile, hata vijana waliokuwa wakishona nyavu husimamisha mikono. Mzee mmoja aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba wao walidhani vile ndivyo bwawa lilivyo. Hawakujua kwamba walikuwa wakiishi katika kipindi maalumu. Waliona samaki tele mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, wakaamini kuwa hiyo ndiyo hali ya kawaida, na kila mtu akapanga maisha yake kwa imani hiyo.

Sababu ya wingi ule inaeleweka. Maji ya bwawa jipya yanapopanda, hufunika nyasi, vichaka, miti na samadi ya mifugo iliyolishwa pale kwa vizazi. Vyote hivyo huoza na kuachia majini rutuba ambayo ardhi iliikusanya kwa miaka mingi. Mwani na majani ya majini hustawi, wadudu huongezeka, na samaki waliokuwa wamebanwa katika mto mwembamba ghafla hupata chakula na nafasi ya kuzaliana. Kisha rutuba ile hutumika ikaisha. Kuanzia hapo bwawa hubaki likiishi kwa kile ambacho mito huleta mwaka hadi mwaka. Mabwawa mengi ya nchi za joto yamepitia njia hiyo hiyo. Kwa hiyo hata kama nyavu zisingeongezeka, mavuno ya Nyumba ya Mungu yangeshuka tu. Kuongezeka kwa nyavu kulifanya anguko liwe kali zaidi.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu kwa sababu naliona kila ninakogeuka. Mkulima wa mbaazi wa Manyara aliona bei ikipanda mwaka 2015, akaongeza ekari, wengine wakakopa. Mwaka 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi za kuagiza kutoka nje, na bei ikaanguka kiasi kwamba wako walioziacha zikauke shambani. Mstaafu anapokea kiinua mgongo, anakitazama kama mshahara mpya ambao hautakoma. Kijana anapata kazi ya mradi wa miaka mitatu, anapanga nyumba ya kodi kubwa, anawaahidi ndugu mambo makubwa. Wote hao wanavua katika bwawa jipya. Wanachokivuna ni rutuba iliyokusanywa zamani, na hawajauliza itakapokwisha watakula nini.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wavuvi ninaowaheshimu zaidi pale bwawani ni wale walioushika usia huo bila kelele. Kiangazi maji yanapojivuta nyuma na kuacha udongo wenye unyevu, hupanda mahindi na maharage kwenye ukingo ule. Wana mbuzi. Wake zao hukausha samaki msimu wa wingi na kuwapeleka gulioni, na fedha huwekwa katika kikundi cha kuweka na kukopa kabla haijazoea mfuko. Samaki huoza, akiba haiozi. Bwawa likikaa vibaya, watu hawa hulegeza uvuvi wakaendelea kula.

Kwa kuwatazama wao nilielewa suala la uvuvi haramu, ambalo zamani nililiona kwa upande mmoja tu. Perege dume huchimba kiota cha mviringo katika maji ya kina kifupi karibu na ukingo. Jike hutaga hapo, kisha hukusanya mayai mdomoni na kuyatunza humo, na vifaranga wakianguliwa huendelea kuwahifadhi mpaka waweze kujitegemea. Muda wote huo karibu hali kitu. Sasa fikiria kokoro, yaani wavu wa kuburuza, likipitishwa ukingoni: linavunja viota, linamzoa jike na kila alichokibeba mdomoni, pamoja na samaki wadogo ambao wangeachwa wangekuja kujaza sahani ya familia nzima. Kokoro limepigwa marufuku, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vinalikamata, na bado linarudi.

Kwa nini linarudi? Nimewasikia watu wa mjini wakisema ni ujinga, au ni ukaidi. Mimi siamini hivyo. Yule anayevuta kokoro anajua kuliko sisi kwamba anakula mbegu. Lakini ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa mchango, ana deni kwa mchuuzi aliyemkopesha nyavu, na leo jioni lazima jiko liwake. Asiye na akiba hana uwezo wa kusubiri, na asiyeweza kusubiri hawezi kumwacha samaki mdogo akue. Mwenye gunia la mahindi ndani ndiye anayeweza kufungua wavu na kuwarudisha wachanga majini. Kabla ya kumhubiria mtu juu ya kesho, msaidie kwanza kuivuka leo.

Bwawa linafundisha pia kwamba mwaka wa uhaba mara nyingi huandaliwa mbali na pale tulipo. Maji ya Kikuletwa yanatoka Meru na Kilimanjaro. Kabla ya kufika bwawani yamekwisha kupita katika mifereji ya wakulima, mashamba ya miwa ya Arusha Chini na visima vya miji inayokua. Chini ya bwawa kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani inayoyasubiri maji hayo hayo. Mvuvi yupo katikati, na hakuna kati ya wale wa juu na wa chini anayemwuliza kuhusu viota vya perege. Kwenye Bwawa la Mtera nako ni hivyo hivyo: tangu miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi baada ya maji ya bonde la Usangu kutumika kwa wingi huko juu, na bwawa likipungua, mtambo wa umeme na mtumbwi wa mvuvi huumia pamoja. Ukikata mti kwenye chemchemi au ukiacha mfereji wazi usiku kucha bila kumwagilia kitu, yupo mtu usiyemjua ambaye wavu wake utatoka mtupu. Na wewe pia unaishi chini ya mfereji wa mtu mwingine.

Sisemi tuikimbie neema inapokuja. Wavuvi wa mwaka 1970 walifanya vema kuvua. Samaki wale walisomesha watoto na kujenga nyumba ambazo nyingine zinasimama hadi leo. Waliofaidika kwa kudumu ni wale walioigeuza neema ya muda kuwa kitu kinachobaki: shamba, elimu, mifugo, chombo kizuri cha kazi. Walioikula yote kwa kuamini kwamba kesho italeta nyingine kama ile, walihama bwawa lilipochoka wakiwa hawana kitu, na nyuma yao wakaacha ukingo usio na miti.

Basi, msomaji wangu, kama sasa hivi uko katika mwaka wako wa tani nyingi, shukuru na ufanye kazi kwa bidii. Lakini pima matumizi yako kwa mwaka mbaya unaoukumbuka, wala usiyapime kwa mwaka huu mzuri. Weka akiba ungali una cha kuweka, usiliuze shamba la mahindi, na kile kilicho kichanga mikononi mwako, kiwe samaki, biashara au mtoto, kipe muda wa kukua.